Baiskeli Kando ya Maji ya Glasgow

Juma hili twende Uskoti kwa baiskeli. Nilikodi yangu katika kijiji cha Aberfoyle, nikauanza mlima wa Duke's Pass. Msitu kulia, msitu kushoto, kona juu ya kona. Pumzi zikanikatika, nikashuka nikaikokota.

Ng'ambo ya mlima kuna ziwa Katrine. Toka gatini Trossachs hadi Stronachlachar ni kama kilomita 21 za lami kando ya maji, na magari ya watu wote hayaruhusiwi. Nilisikia ndege na mnyororo wangu tu.

Utulivu huo una sababu. Barabara ni ya idara ya maji, na ziwa ni tangi la mji wa Glasgow. Zamani mji ule ulikunywa maji machafu. Kipindupindu kiliua maelfu mwaka 1832, kikarudi 1848 na 1853. Mwaka 1859 Malkia Victoria alifungua mradi wa kuleta maji ya Katrine, yanayoteremka yenyewe hadi mjini bila pampu. Ugonjwa ulipobisha hodi tena mwaka 1866, Glasgow ilizika watu wachache.

Nilirudi kupitia uwanda mtupu usio na miti, kisha maziwa ya Chon na Ard, miguu ikiwaka moto. Usiku, Glasgow, nilikunywa maji ya bomba bila kuyachemsha.

Nawe uliyefungua bomba asubuhi hii, chanzo cha maji yako kinalindwa na nani?