Samaki Mzuri wa Katwe Anakwenda Wapi?



Katika kikao kimoja cha tawi letu hapa Kasese, baada ya mambo ya mshahara na saa za ziada kwisha, ndugu mmoja wa zamu ya usiku alinyosha mkono akauliza: "Kwa nini sisi tunakula samaki aliyeoza?" Watu wakacheka. Sisi waandishi hatukucheka, maana wiki ile ile nyumbani kwetu samaki alimwagwa pamoja na mchuzi wake, na watoto wakala posho kavu.

Swali la ndugu huyu lina uzito. Kasese ni mji wa jua na vumbi. Milima ya Rwenzori inatuzuilia mvua. Bahari iko Mombasa, zaidi ya kilomita 1,400 kwa barabara, kwa hiyo changu na pweza tunawasikia katika masimulizi ya madereva tu. Lakini maziwa mawili ya maji matamu, Edward na George, yako jirani, yameunganishwa na mfereji wa Kazinga. Iweje basi mtu wa hapa ale uozo?

Tukafunga safari hadi Katwe, tukalala huko.

Mgeni akifika Katwe huchanganyikiwa kidogo, maana kuna maji pande mbili. Upande mmoja ni ziwa la chumvi, ndani ya shimo la volkano ya kale, ambamo samaki hawezi kuishi. Upande wa pili ni Ziwa Edward, lenye ngege, semutundu, kambare na kamongo. Katikati ndipo wanapokaa wafanyakazi wenzetu. Wanaume huingia katika maji ya chumvi hadi kifuani kung'oa mawe ya chumvi, na wanawake huinama kutwa nzima kwenye vidimbwi. Ngozi hupasuka, na kidonda kikiingia maji yale hakiponi upesi. Kiwanda cha chumvi kilichojengwa hapo katika miaka ya 1970 hakikudumu, kwa sababu maji hayo yalikula mabomba yake. Kazi ikabaki ya mikono mpaka leo. Na kwa kuwa mji umezungukwa na Mbuga ya Queen Elizabeth, iliyotangazwa mwaka 1952, mtu hawezi kupanua shamba wala kufuga ng'ombe apendavyo. Ni chumvi au ni samaki.

Alfajiri tulikuwa mwaloni. Mitumbwi ilirudi na nyavu zilizotegwa jioni. Ngege wakubwa, macho yanang'aa kama kioo, hawakukaa chini hata dakika kumi. Wachuuzi wenye magari na barafu walikuwa wameshika noti mkononi. Wakapima, wakalipa, wakaondoka. Wengine huelekea Kampala, na wengine hupita njia panda ya Kikorongo kwenda Bwera na soko la Mpondwe, ambako wanunuzi kutoka Kongo hungoja. Waliobaki chini ni wadogo, na wale waliofia wavuni mapema usiku wakalegea.

Tulimwendea mama mmoja aliyekuwa akipanga mabaki katika beseni.

"Mama, hawa ndio wanaofika Kasese?"

"Ndio hawa, wanangu. Mnakuja na fedha mwisho wa mwezi, samaki anatoka kila siku. Mtampataje?"

Hapo tulipata jibu la swali la ndugu yetu, na kusema kweli lilituuma. Samaki mzuri yuko, lakini anamfuata mwenye fedha taslimu alfajiri. Mfanyakazi anayemaliza zamu saa kumi na moja jioni hukuta sokoni yule aliyekataliwa mara mbili, tena ameshinda juani.

Mama yule alituonyesha mambo ambayo tunayaandika hapa kwa faida ya wote. Fungua shavu la samaki: likiwa jekundu, mchukue; likiwa la kahawia na lina utelezi, mwache. Mbonyeze kwa kidole. Nyama ikirudi, bado ni mzima, na shimo likibaki, usidanganywe na maji anayomwagiwa ili ang'ae. Jicho likizama ndani, basi. Samaki wa chumvi naye ana hila zake. Akiwa na rangi ya waridi juu ya nyama au unyevunyevu kwenye mkunjo, ameanza kuharibika, hata kama chumvi ni nyingi. Aliye mzuri ni mkavu na hana wadudu katika mifupa ya kichwa. Mloweke usiku kucha, ubadilishe maji, kisha umchemshe na nyanya. Kwa mtu asiye na jokofu, yaani wengi wetu, huyu wa chumvi ana maana kuliko mbichi wa jioni.

Kuna jambo jingine, na hapa wenzetu wengine watatukasirikia. Wale ngege wadogo kama kiganja, wanaouzwa kwa mafungu vichochoroni, ni rahisi, nasi tumewahi kuwanunua. Wamevuliwa kwa nyavu za macho madogo kabla hawajazaa. Mwaka 2017 jeshi lilitumwa katika maziwa ya Uganda kuzuia uvuvi huo, na wavuvi maskini wamechomewa nyavu na mitumbwi. Sisi hatufurahii fimbo hiyo. Lakini kila fungu tunalonunua linampa mtu sababu ya kurudi ziwani na wavu ule ule.

Tuliporudi tulitoa taarifa katika kikao. Watu kumi na wanane wa zamu moja wakakubaliana kuchanga kidogo kila wiki na kumtuma mwenzao mwaloni Jumamosi alfajiri, fedha mkononi. Mara ya kwanza iliharibika. Dereva aliyekodiwa alisimama njiani kupakia mkaa, barafu haikuwapo, na samaki wakafika wamelainika. Palikuwa na maneno makali, na wawili wakajitoa.

Mara ya pili barafu ilinunuliwa kwanza mjini, kilo kwa kilo na samaki, ikafungwa katika magunia yenye maranda. Mjumbe alipanda gari la abiria, si la mkaa. Saa nne asubuhi ngege walipimwa nyuma ya lango la kiwanda, kila mtu fungu lake, na mweka hazina akasoma hesabu kwa sauti mpaka shilingi ya mwisho. Ndugu yule wa zamu ya usiku alifungua mashavu ya kila samaki wake, mmoja mmoja, watu wanamngoja. Hakusema kitu. Akawafunga katika jani la mgomba, akapanda baiskeli yake kwenda kulala.

Wale wawili waliojitoa wameomba kurudi. Kikao kitaamua.