Plasta ya Dawa na Kidonda cha Kupasuliwa

Wewe uliyepasuliwa jana, unalala kitandani na tumbo linauma. Ndugu yako anakuja kukuangalia. Anatoa mfukoni plasta ndogo, nyembamba kama sparadra, anasema: "Mama mkubwa alipougua kansa, plasta hizi zilimtuliza sana. Hii ilibaki. Uibandike, utalala vizuri." Utajibu nini? Mwambie: "Aksanti, ndugu, lakini hapana." Kisha mwite muuguzi.

Ndani ya plasta hiyo mna dawa iitwayo fentanili. Munganga Paul Janssen na wenzake waliitengeneza kule Ubelgiji mwaka 1960. Nguvu yake inapita ya mofini mara 50, hata mara 100. Si dawa mbaya. Mgonjwa wa kansa ambaye mwili wake umekwisha kuzoea mofini husaidiwa nayo sana. Lakini mwili wako wewe haukuizoea.

Tena plasta ni ya polepole. Ukiibandika asubuhi, nguvu yake hasa itafika usiku au kesho yake. Maumivu ya kisu hayangoji hivyo: leo ni makali, kesho kutwa yamepungua. Basi dawa inazidi wakati maumivu yanakwenda zake. Usingizi unakuwa mzito, pumzi zinakawia, zinakawia, mwisho zinakatika. Na ukishikwa na homa, joto la ngozi huiingiza dawa kwa haraka zaidi. Hata ukiibandua, dawa ingali ndani ya ngozi. Muda wa saa 17 au zaidi hupita kabla haijapungua nusu katika damu.

Je, uvumilie tu? Hapana! Wengine wanadhani kunyamaza ni ushujaa. Mwenye maumivu makali hawezi kukohoa wala kuvuta pumzi nyingi, na mapafu yake yanaweza kuugua. Sema unaumia. Ziko parasetamoli na mofini, ambazo muuguzi hukupimia kidogo kidogo akiangalia pumzi zako.

Nanyi mlio na mgonjwa wa kansa nyumbani, plasta iliyotumika ingali na dawa nyingi. Watoto wamekufa kwa kuiokota. Ikunjeni, upande wa gundi ushikane, mkairudishe hospitali.

Ukimkuta mtu mwenye plasta amelala wala haamki, ibandue upesi. Mpeleke hospitali saa ile ile, hata akifumbua macho njiani. Mwambie munganga habari ya plasta, maana iko sindano ya nalokisoni ya kurudisha pumzi.