Old Shinyanga

Old Shinyanga (yaani Shinyanga ya zamani) ni mojawapo ya kata 17 za Manispaa ya Shinyanga, katika Mkoa wa Shinyanga, kaskazini mwa Tanzania. Kabla ya kuwa sehemu ya manispaa ilikuwa makazi yaliyojitegemea, na ndipo palipoitwa Shinyanga kabla mji wa sasa haujakua kando ya reli. Katika historia ya sayansi inajulikana hasa kwa kituo cha utafiti wa mbung'o kilichofanya kazi hapo wakati wa ukoloni wa Waingereza.

## Mahali

Kata iko upande wa kaskazini wa katikati ya mji, kwenye barabara inayoelekea Solwa na Salawe. Nchi yake ni tambarare na kame, yenye msimu mmoja wa mvua unaoanza mnamo Novemba na kwisha mnamo Mei. Uoto wa asili ni migunga na vichaka vya miiba. Wakazi wengi ni Wasukuma, wanaoishi kwa kilimo na ufugaji wa ng'ombe, mbuzi na kondoo.

## Kabla ya reli

Kabla ya ukoloni eneo hili lilikuwa sehemu ya tawala ndogondogo za Wasukuma, kila moja ikiwa chini ya mtemi wake. Watu waliishi katika kaya zilizotawanyika na si katika mji. Wakati wa Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, Shinyanga ilikuwa kituo kidogo cha utawala kilichotegemea Tabora. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia Waingereza waliendelea kukitumia.

Mabadiliko yaliletwa na reli. Njia ya kutoka Tabora kwenda Mwanza ilikamilika mwaka 1928, na stesheni ya Shinyanga ilijengwa kusini mwa kituo cha zamani. Pamba na mizigo mingine ilipitia stesheni, kwa hiyo maduka, maghala na ofisi za serikali vilikua huko. Mji mpya ulichukua jina la Shinyanga, na makazi ya awali yakaanza kuitwa Shinyanga ya zamani. Jina lake la Kiingereza ndilo lililobaki kuwa jina rasmi la kata.

## Tatizo la mbung'o

Mwishoni mwa karne ya 19 ugonjwa wa sotoka uliua idadi kubwa ya ng'ombe katika Afrika ya Mashariki. Mahali ambapo mifugo ilikufa na watu wakahama, vichaka viliota tena. Wanyamapori walirudi, na pamoja nao mbung'o, inzi wanaofyonza damu na kueneza nagana kwa mifugo na ugonjwa wa malale kwa binadamu. Pori lenye mbung'o halikufaa kwa kufuga ng'ombe, na kwa Msukuma kukosa malisho kulikuwa sawa na kukosa ardhi.

Mnamo miaka ya 1920 serikali ya Tanganyika iliichagua Shinyanga kuwa mahali pa kutafuta njia za kupambana na inzi huyo. Kazi iliongozwa na Charles Swynnerton, aliyekuwa mkuu wa kwanza wa idara ya wanyamapori tangu mwaka 1919 na mkurugenzi wa utafiti wa mbung'o tangu mwaka 1929. Spishi ya *Glossina swynnertoni*, iliyo ya kawaida katika vichaka vya Usukuma, imeitwa kwa jina lake. Mwanawe, Roger Swynnerton, ndiye aliyeandaa mpango wa kilimo wa mwaka 1954 nchini Kenya unaojulikana kwa jina la ukoo huo.

Kazi isingewezekana bila watemi na watu wao. Mtemi Makwaia wa Usiha, utemi jirani, alishirikiana na Swynnerton kuwakusanya maelfu ya wanaume kwenda kufyeka vichaka kila mwaka wakati wa kiangazi. Mtoto wake, David Kidaha Makwaia, aliyerithi utemi mwaka 1945, alikuwa mmoja wa Waafrika wawili wa kwanza kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika mwaka huohuo.

## Kituo cha utafiti

Kituo cha Old Shinyanga kilikuwa na maabara, nyumba za watafiti na maeneo makubwa ya pori yaliyotengwa kwa majaribio. Katika kila eneo ilijaribiwa njia tofauti:

* Moto. Nyasi ziliachwa hadi mwisho wa kiangazi, kisha zikachomwa zote kwa pamoja ili moto uwe mkali na kuharibu vichaka.
* Kufyeka kwa kuchagua. Badala ya kukata kila mti, watafiti walitafuta aina za miti na vichaka ambavyo mbung'o alivihitaji kwa kivuli na mahali pa kuzaa, wakaondoa hivyo tu.
* Kuua wanyamapori. Wanyama walipigwa risasi kwa miaka kadhaa ili mbung'o wakose damu. Matokeo ya jaribio hilo, yaliyotolewa na W. H. Potts na C. H. N. Jackson mwaka 1952, yalionyesha kwamba mbung'o walipungua sana, lakini kwa gharama ya maelfu ya wanyama.
* Kuhesabu inzi. Jackson aliwatia mbung'o alama za rangi, akawaachia, kisha akawakamata tena. Kwa kulinganisha waliokuwa na alama na wasiokuwa nayo, alikadiria idadi yao yote porini. Njia ya namna hiyo inatumika hadi leo katika utafiti wa wanyama wengi.

Swynnerton alifariki katika ajali ya ndege mnamo Juni 1938 pamoja na mtaalamu wa mimea wa idara hiyo, B. D. Burtt. Kituo kiliendelea na kazi.

### Jaribio la Vanderplank

Mtafiti F. L. Vanderplank aligundua kwamba *Glossina swynnertoni* na *Glossina morsitans* wakipandana hupata watoto wachache sana, na hao huwa tasa kwa sehemu kubwa. Mwaka 1944 aliachia zaidi ya mabuu-bwete 100,000 ya *G. morsitans* katika pori lililokaliwa na *G. swynnertoni*. Wenyeji wa pori hilo walipungua sana, na wale wageni nao hawakuweza kudumu kwa sababu ya ukame. Baadaye watu waliweza kufyeka mahali hapo na kuhamia.

Jaribio hilo linahesabiwa miongoni mwa ya kwanza duniani kutumia uzazi wa mdudu mwenyewe ili kumwangamiza. Wazo linalokaribiana nalo, la kuachia madume yaliyofanywa tasa kwa mnururisho, ndilo lililotumika kumaliza mbung'o katika kisiwa cha Unguja mnamo miaka ya 1990, kwa kutumia inzi waliozalishwa Tanga.

Mnamo miaka ya 1950 makao ya utafiti wa mbung'o wa Afrika ya Mashariki yalikuwa Tororo, Uganda, na umuhimu wa Old Shinyanga ukapungua.

## Faida na hasara

Ufyekaji ulifungua ardhi kubwa kwa watu na mifugo, na hatari ya nagana na malale ikapungua. Lakini miti iliyoondolewa haikurudi. Kilimo cha pamba, ongezeko la ng'ombe na ukataji wa kuni viliendelea kuumaliza uoto. Wakati wa operesheni ya vijiji katika miaka ya 1970, kaya nyingi zilihamishwa na kuacha *ngitili*, yaani sehemu za malisho ambazo Wasukuma huzifunga wakati wa mvua ili zitumike kiangazi. Kufikia miaka ya 1980 Shinyanga ilitajwa kama mfano wa nchi inayogeuka jangwa.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI). Badala ya kutegemea upandaji wa miche peke yake, mradi uliwahimiza wananchi kurudisha ngitili na kuacha visiki na mizizi iliyobaki ardhini ichipue yenyewe. Ngitili zilizorudishwa mkoani zilifikia mamia ya maelfu ya hektari, na mwaka 2002 mradi ulipewa Tuzo ya Ikweta ya Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa. Hivyo katika muda wa takriban miaka 60 wakazi wa eneo hilohilo walihimizwa kwanza kuondoa vichaka, kisha kuvirudisha.

## Leo

Old Shinyanga ya sasa ni kata ya pembezoni mwa manispaa, ambapo mashamba na malisho yanakutana na nyumba za mjini. Wakazi wake hutegemea mji mpya kwa masoko, hospitali na ofisi, ingawa mji huo ndio uliochukua jina lake.