Kuku wa hapa, chipsi za ng'ambo

Mikahawa ya kigeni ya kuku wa kukaanga, piza na baga imeacha zamani kuwa mambo ya Nairobi peke yake. Nakuru ipo, Eldoret ipo, Kisumu na Mombasa ipo, na siku hizi matawi mapya hayangoji majengo makubwa ya maduka. Yanajibana kwenye vituo vya mafuta kando ya barabara kuu, dereva akijaza tangi huku watoto kiti cha nyuma wameshaona picha ya kuku. Kampuni za Afrika Kusini na moja yenye asili ya Zimbabwe zilitangulia kuizoea Kenya. Mwaka 2011 chapa kubwa ya Kimarekani ya kuku ikafungua tawi lake la kwanza Nairobi, na katika miaka iliyofuata zikaja za piza na baga.

Sababu inayotajwa kila mara ni ile ile: tabaka la kati linakua. Hoja hiyo ilipata nguvu mwaka uo huo wa 2011, ripoti ya benki moja ya maendeleo ilipohesabu Waafrika zaidi ya milioni 300 kuwa wa tabaka la kati. Lakini waliohesabiwa ni watu wanaotumia kati ya dola 2 na dola 20 kwa siku, na zaidi ya nusu yao walikuwa chini ya dola 4. Mtu wa dola 3 kwa siku hanunui ndoo ya kuku ya familia. Anaweza kuingia mara moja, mwisho wa mwezi au siku mtoto akifaulu mtihani, na biashara yenye kodi ya pango ya kila mwezi haiwezi kusimama juu ya sherehe.

Ndiyo maana wanaoijua biashara hii kwa ndani hawazungumzii sana wateja. Wanazungumzia gharama. Anayeendesha mikahawa hiyo nchini kwa kawaida si mwenye chapa. Amekodi jina, mapishi na utaratibu, na kwa hilo hulipa fungu la mauzo, si la faida, ambalo katika biashara hii duniani mara nyingi huwa asilimia 5 au 6, kando na mchango wa matangazo. Mwezi mbaya ukija, mwenye chapa bado anapata chake. Majengo kadhaa ya kifahari ya Nairobi nayo yamekuwa yakidai pango kwa dola. Shilingi ilipoporomoka hadi kupita 160 kwa dola Januari 2024, kutoka takriban 113 mwishoni mwa 2021, mzigo huo ulipanda bila mkahawa kuongeza hata meza moja. Iliporudi karibu 129 katikati ya 2024, wengi walipumua. Bei kwenye ubao wa mkahawa, mteja atakumbuka, hazikurudi nyuma kwa kasi hiyo.

Kwa upande wa malighafi, kuku wenyewe hawana shida kubwa. Wanafugwa na kuchinjwa humu nchini na kampuni zilizokwisha kujipanga, zenye machinjio ya kisasa na vyeti vya halali ambavyo bila hivyo hakuna tawi la kudumu Mombasa. Mtego uko kwenye kitu kinachokaa pembeni ya kuku.

Mapema Januari 2022 chapa ile ya Kimarekani iliwatangazia Wakenya kwamba imeishiwa chipsi. Meli zilikuwa zimechelewa, misukosuko ya korona ikiwa bado bandarini, na mteja akaambiwa achague kitu kingine badala yake. Nchi ilishtuka. Watu wengi hawakuwa wakijua kwamba kipande cha kiazi walichokuwa wakila Nairobi kilikuwa kimevuka bahari. Wito wa kuisusia kampuni ukasambaa mitandaoni kwa siku kadhaa. Kampuni ikajibu kwamba kila msambazaji lazima apite ukaguzi wa ubora wa chapa duniani, na kwamba utaratibu huo haurukwi hata akiba ikiisha. Kilichowauma wakulima zaidi ni wakati wenyewe. Desemba hadi Februari ndiyo miezi ambayo viazi vya mvua za vuli vinachimbwa Nyandarua, na lori moja baada ya jingine hushuka kwenda soko la Wakulima, Marikiti kama wenyeji wanavyoliita.

Katika soko hilo kuna mfanyabiashara ambaye kwa miaka mingi amekuwa akinunua viazi Ol Kalou na Njabini, hukohuko Nyandarua, na kuvisambaza kwenye hoteli na vibanda vya Nairobi. Hapendi jina lake litajwe kwa sababu bado anatarajia kuuza kwa kampuni hizohizo. Malalamiko yake ni marefu, na yanafaa kusikilizwa hadi mwisho, maana yanasema mengi kuliko hotuba nyingi za kufungulia semina.

Anasema baada ya kelele za 2022 alidhani mlango umefunguka. Aliulizia masharti. Alitakiwa aonyeshe kila gunia limetoka shamba gani, limepandwa mbegu gani na kunyunyiziwa dawa gani. Hilo analiona ni haki, ingawa yeye huchanganya mzigo wa wakulima wadogo ishirini ili kujaza lori moja. Akaambiwa kwamba mkahawa haununui viazi. Unanunua chipsi zilizokwisha kumenywa, kukatwa kwa kipimo kimoja, kuchemshwa kidogo, kukaangwa nusu na kugandishwa hadi nyuzi 18 chini ya sifuri, zikiwa zimefungwa kwenye mifuko tayari kumwagwa ndani ya mafuta. Kwa maneno mengine alihitaji kiwanda, friza na lori la baridi. Kisha likaja la malipo: ankara hulipwa baada ya wiki kadhaa. Mkulima wa Njabini anataka pesa shambani, kabla gunia halijashonwa. Katikati ya hao wawili, anasema, ndipo mtu wa Marikiti anapofilisika.

Lakini hasira yake kubwa haielekei kwa wageni. Inaelekea kwenye gunia. Kanuni za 2019 zinataka gunia la viazi lisizidi kilo 50. Akifungua moja lililoletwa alfajiri, anaonyesha jinsi lilivyoongezwa kichwa cha wavu kwa juu, kimefumwa kwa kamba na kuvimba kama kilemba. Wenyewe huliita mukorino. Viazi vikubwa vimepangwa juu na pembeni, vidogo vimezikwa katikati pamoja na vile vilivyokatwa na jembe. Gunia la namna hiyo hupita kilo 100 kwa urahisi na mkulima hulipwa gunia moja. Mfanyabiashara huyu anakiri kwamba naye hununua hivyo, kwa sababu akikataa, lori la jirani linangoja nyuma yake. Anauliza ni vipi mtu atazungumzia ubora wa kimataifa ilhali hata mizani haijafika shambani.

Maafisa wana picha tofauti. Mmoja anayehudumu katika sekta ya kilimo, naye kwa sharti la kutotajwa, anasema mikahawa ya kigeni ni fursa kwa wakulima 800,000 wa viazi na kwa watu wapatao milioni 2.5 wanaoishi kwa zao hilo kutoka shambani hadi sahani. Takwimu hizo zinasikika vizuri. Tatizo ni kwamba zilikuwa zikisomwa hivyohivyo katika nyaraka za zaidi ya miaka kumi iliyopita, na tangu wakati huo mashamba yamegawanywa kwa urithi, miji imemeza vijiji, na wakulima wapya wamejiunga Bomet, Narok na Elgeyo Marakwet. Idadi isiyobadilika katika sekta inayobadilika kila msimu haielekei kuwa imehesabiwa. Hata mavuno yenyewe yamekuwa yakikadiriwa kwa namna inayoyumba sana, mwaka mmoja zaidi kidogo ya tani milioni moja, mwingine karibu maradufu, na si mvua pekee inayoweza kueleza tofauti hiyo.

Afisa huyo anasisitiza kwamba viazi vipo vya kutosha. Vipo, ndiyo. Vinavyofaa mashine ya chipsi ndivyo haba.

Kiazi kinachotawala masoko ya Kenya ni Shangi. Kinakomaa kwa takriban miezi mitatu, kinaiva haraka jikoni hivyo kuokoa makaa, na macho yake huchipua mapema kiasi kwamba mkulima anaweza kupanda tena msimu unaofuata bila kungoja. Sifa hiyo ya mwisho ndiyo inayomponza sokoni. Kiazi kinachochipua ndani ya wiki chache hakiwekeki ghalani hadi bei ipande. Lazima kiuzwe sasa, kwa yeyote aliyekuja na lori. Kiwanda kinataka kiazi kirefu, chenye macho yasiyozama sana ili kisipoteze nyama nyingi kwenye kumenya, chenye wanga mwingi na sukari kidogo. Aina kama Markies zilizaliwa kwa kazi hiyo. Ghala la baridi nalo si friji tu ya kuzubaisha viazi. Baridi ikizidi, wanga hugeuka sukari, na chipsi zikiingia kwenye mafuta hutoka na michirizi ya kahawia na ladha chungu. Kuhifadhi kiazi cha kukaanga ni ufundi wa nyuzi mbili tatu tu, na ufundi huo unahitaji umeme usiokatika.

Halafu kuna mbegu. Katika makadirio mengi, mbegu iliyothibitishwa haizidi asilimia 5 ya inayopandwa nchini. Wakulima wengi hupanda viazi vidogo vilivyosalia baada ya kuuza, ambavyo mara nyingi vimebeba ugonjwa wa mnyauko kutoka shamba hadi shamba. Hekta moja hutoa tani 7 hadi 10, ilhali kwa mbegu safi na matunzo ingetoa 30 au zaidi. Hapo ndipo chipsi za ng'ambo zinaposhinda kwa bei. Zile za Misri, kwa mfano, zinatoka kwenye mashamba ya umwagiliaji na viwanda vikubwa, tena Misri na Kenya zote zimo katika soko huru la COMESA, kwa hiyo ushuru wa forodha si ukuta. Mkenya anayeanzisha kiwanda leo anashindana nazo huku malighafi yake inabadilika ukubwa kila lori.

Inafaa isemwe wazi kwamba masharti ya wageni si uonevu. Mtu akila chakula kilichobaki kibichi katikati akaugua, hakuna atakayemwuliza mkulima. Lakini ni haki pia kudai kwamba chapa iliyokaa nchini kwa zaidi ya muongo, inayotumia barabara, kuku na vijana wa Kenya, haikupaswa kungoja kuishiwa ndipo ianze kumtafuta msambazaji wa ndani. Ukaguzi wa ubora unachukua muda. Muda huo ulikuwepo. Baada ya lawama za 2022 kampuni ilisema itanunua viazi vya Kenya, na baadhi ya viwanda vya ndani tangu hapo vimepata nafasi kwa mikahawa mikubwa. Ni kiasi gani cha chipsi zote kinachotoka Nyandarua na kiasi gani bado kinatoka kwenye kontena, hakuna upande unaochapisha hesabu hiyo, na bila hesabu hiyo ahadi ya fursa kwa wakulima laki kadhaa inabaki ahadi.

Wakati huohuo biashara kubwa ya chipsi nchini Kenya haijawahi kuwa ya wageni. Iko kwenye vioo vyenye taa ya manjano mtaani Githurai, Kongowea na Kondele, ambako kiazi kilichomenywa asubuhi kinakaa ndani ya ndoo ya maji, kinakatwa kwa mashine ya mkono iliyofungwa ukutani, na kinauzwa kwa bei ambayo katika mkahawa wa kigeni haitoshi kulipia hata kifungashio na umeme. Wenye vibanda hawa ndio walioonja uchungu wa kweli mwaka 2022, pale mafuta ya kupikia yalipopanda baada ya vita vya Ukraine, na Indonesia ikasimamisha kwa wiki kadhaa uuzaji wa mawese nje. Hawakuwa na mkataba wa kununua kwa bei ya zamani. Walipunguza kipimo, wengine wakafunga.

Matawi ya mikahawa ya kigeni yanaelekea kuongezeka, hasa kwenye vituo vya mafuta na katika miji ya kaunti, ilimradi shilingi isitetereke tena na wanaoagiza kwa simu wasichoke kulipia pikipiki. Ada ya programu za kuagizia chakula inakula fungu kubwa la kila sahani, na mwenye mkahawa mmoja anaweza kuuza zaidi huku akibaki na kidogo. Kwa upande wa viazi, matumaini ni membamba zaidi. Viwanda vichache vitapata mikataba, wakulima waliojiunga katika ushirika wenye mbegu safi watafaidi, na wengi hawataguswa kabla mizani na mbegu havijafika shambani. Afisa anatarajia mabadiliko ndani ya misimu michache. Mfanyabiashara wa Marikiti anasema akipata mwenzake wa kununua mashine ya kukatia na chumba cha baridi kwa ubia, ataomba tena. Asipompata, ataendelea na wenye vibanda, ambao hulipa jioni ileile.