Wanaokwenda Uarabuni na Wanaobaki: Utangulizi

Fani ya ustawi wa jamii ilikulia miongoni mwa wahamiaji. Hull House, nyumba ambayo Jane Addams na Ellen Gates Starr waliifungua Chicago mwaka 1889, iliwapokea Waitalia, Wagiriki na wageni wengine waliokuja kuuza nguvu zao. Kwetu, maswali yale yale ya uhamiaji leo anatuletea dada anayetoka Tanga, Kwale au Unguja kwenda Muscat au Riyadh kufanya kazi za ndani.

Anza na pasipoti yake. Akishapokelewa, mara nyingi mwajiri huichukua. Chini ya mfumo wa kafala, ukaazi wake unamtegemea kafili, yaani mwajiri huyo huyo. Akitoka bila idhini, huripotiwa kuwa ametoroka, na aliyedhulumiwa mshahara ndiye anayekamatwa na kurudishwa kwao. Shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch liliyaandika haya mwaka 2017 kwa kuwasikiliza wanawake wa Tanzania waliofanya kazi Oman na Falme za Kiarabu. Saudi Arabia ilipolegeza masharti ya kuhama mwajiri mwezi Machi 2021, wafanyakazi wa majumbani iliwaacha nje. Mimi siamini kwamba walisahauliwa. Kupika, kufua na kulea havihesabiwi kuwa kazi kwa kuwa ni vya wanawake, na dharau hiyo ipo hata majumbani mwetu. Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2011, unadai mfanyakazi wa ndani apewe haki kama mfanyakazi mwingine yeyote.

Mwanasosholojia Arlie Hochschild alitupa fikra ya mnyororo wa malezi: anayelea watoto wa wengine ughaibuni amewaacha wake kwa bibi yao, au kwa binti mkubwa ambaye masomo yake yanaanza kuyumba. Kwa hiyo siridhiki na utafiti unaoishia uwanja wa ndege. Nenda kijijini uulize nani anachota maji sasa, fedha zikitumwa zinapokelewa na nani, na baba wa watoto anafanya nini.

Jihadhari pia na huruma inayofunga milango. Mwaka 2016 Uganda ilipiga marufuku kupeleka wafanyakazi wa ndani Saudi Arabia. Nia ilikuwa kulinda, ila marufuku ya namna hiyo huwasukuma wanawake kwenye njia za panya, mikononi mwa mawakala wasio na leseni, kwa sababu shida iliyowatoa nyumbani bado ipo pale pale.

Ukikutana na aliyerudi, mwombe kwa adabu akuonyeshe mkataba wake. Tazama umeandikwa kwa lugha gani, uliza nani alimsomea na alibaki na nakala au la. Kabla hujapata majibu hayo, tafadhali usiandike kwamba alikwenda kwa hiari yake.