Anayeshinda Si Lazima Aweze Kuongoza

Januari 2023, wakati wa kutangaza matokeo ya Kidato cha Nne, Baraza la Mitihani la Tanzania liliachana na desturi ya miaka mingi: halikutaja shule kumi bora wala wanafunzi kumi bora. Maelezo yalikuwa kwamba utaratibu ule haukuwa na tija, na kwamba ulizitangaza baadhi ya shule kibiashara. Wapo waliopongeza, na wapo waliosema watoto wanaojituma wamedhulumiwa. Hata hivyo, ukifungua ripoti ya mwisho wa muhula katika shule nyingi, namba ile bado ipo: wa 4 kati ya 62. Mzazi anaanzia hapo, na mara nyingi mwalimu anayetafuta kiranja naye anaanzia hapo. Ndipo tunapokosea. Miaka yote ya shule tunampima kijana kwa idadi ya wenzake aliowapita, halafu tunamkabidhi kazi ambayo haiwezi kufanyika bila wenzake hao.

Tazama kazi yenyewe. Mwenyekiti wa kijiji anayekaa kati ya mkulima aliyeliwa mahindi na mfugaji aliyekamatiwa ng'ombe hana mtu wa kumshinda pale. Akimshinda mmoja, kesi itarudi mvua zijazo, tena ikiwa kubwa zaidi. Katibu wa chama cha ushirika hali kadhalika, na mganga mfawidhi wa kituo cha afya pia. Kinachotakiwa kwao ni kusikiliza, kugawa majukumu na kukubali kwamba wazo zuri limetoka kwa mwingine. Sasa mfikirie mwanafunzi anayeficha mitihani ya miaka iliyopita ili jirani yake wa dawati asiione. Tusimwite mchoyo. Kwa mfumo tuliomwekea amepiga hesabu sawasawa, maana kila alama anayoongeza mwenzake yaweza kumshusha yeye nafasi moja. Tabia ya aina hiyo ikikomazwa tangu darasa la kwanza haiondoki siku mtu anapochaguliwa diwani.

Kwamba vijana hubadilika kulingana na mfumo wanaowekewa ilionekana wazi mwaka 1954 huko Oklahoma, Marekani. Mtafiti Muzafer Sherif, mzaliwa wa Uturuki, aliwapeleka kambini wavulana 22 wa miaka kama 11, wote watoto wa kawaida, akawagawa makundi mawili na kuyashindanisha kwa zawadi: mpira, kuvuta kamba, usafi wa vibanda. Siku chache tu, wakawa wanachomeana bendera, wanavamiana usiku na kutukanana wakati wa chakula. Kuwakutanisha kwa sinema na milo ya pamoja hakukusaidia chochote. Kilichosaidia ni shida iliyowapata wote. Maji ya kambi yalikatika, wakalazimika kuitafuta hitilafu pamoja; lori la kuleta chakula likagoma kuwaka, na makundi yote mawili yakalivuta kwa kamba ileile waliyokuwa wakivutania kwenye mashindano. Ni kweli watafiti ndio waliozipanga shida hizo, na wakosoaji wameeleza kwamba jaribio la Sherif la mwaka uliotangulia, 1953, lilishindikana kwa kuwa wavulana walikataa kuchukiana. Kwangu mimi, kukataa huko kunaipa hoja nguvu zaidi: uhasama ulihitaji kutengenezwa na watu wazima.

Pingamizi kubwa, na la haki, ni kwamba bila ushindani watoto watalegea. Kila aliyepitia kazi za vikundi anajua kwamba mmoja hufanya na wanne hutegea, kisha wote wakapata alama sawa. Lakini hapo kosa ni la upangaji wa kazi. Mwaka 1971 Elliot Aronson na wenzake walianza kujaribu njia nyingine katika shule za Austin, Texas, ambako watoto weusi, weupe na wenye asili ya Mexico walikuwa wameanza kusoma pamoja kwa mivutano mikali. Somo liligawanywa vipande, kila mtoto katika kikundi akapewa kipande kimoja ambacho wengine hawakuwa nacho, na kazi yake ikawa kuwafundisha. Mwishoni kila mmoja alifanya mtihani peke yake, kuhusu somo lote. Hapo hakuna pa kutegea: ukinyamaza unawaangusha wenzako, na ukimdharau anayesema kwa kigugumizi umejinyima kipande chako mwenyewe. Bidii inabaki palepale, ila sasa inawafaa wengi.

Pingamizi la pili linatugusa zaidi sisi Watanzania. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alilalamika kwamba elimu tuliyorithi kwa wakoloni ilikuza ubinafsi badala ya ushirikiano. Azimio la Musoma la 1974 likaenda mbali zaidi: mhitimu wa kidato cha sita afanye kazi kwanza, na kupendekezwa kwake na mwajiri kuwe sehemu ya sifa za kuingia chuo kikuu. Je, hatukujaribu, tukashindwa? Tulijaribu, lakini mara nyingi kwa amri. Shamba la shule likageuka adhabu ya wachelewaji, na miaka hiyohiyo watu wakahamishiwa vijijini, wengine kwa nguvu, wakaambiwa washirikiane. Mtu aliyesukumwa hajifunzi kushirikiana. Anajifunza kumkwepa msukumaji. Mtoto wa Austin hakuhitaji kusukumwa, kwa sababu alichokihitaji kilikuwa mkononi mwa mwenzake.

Ushindani wenyewe una mahali pake. Mashindano ya michezo ya shule za sekondari, UMISSETA, yaendelee, na viranja wapigiwe kura badala ya kuteuliwa ofisini, maana uchaguzi ni mashindano ambayo mwamuzi ni yule atakayeongozwa. Ila kwenye ripoti ileile yenye nafasi ya mwanafunzi, shule nyingi huweka sehemu ya tabia na mwenendo, na humo mna mstari wa ushirikiano. Kwa kawaida mwalimu huujaza haraka, B kwa karibu darasa zima, kwa sababu muhula mzima hakuna kazi iliyompa nafasi ya kuuona ushirikiano huo. Mageuzi yaanzie kwenye mstari huo: mwalimu atoe kazi mbili au tatu kwa muhula ambazo mtoto hawezi kuzimaliza peke yake, aandike alichokiona, na anapotafutwa kaka mkuu au dada mkuu, maandishi hayo yawekwe mezani.