Petisheni, Bugufi na Ugeni wa Nkurunziza (Sehemu ya Nne)

Alhamisi ya Julai 20, 2017, Rais Pierre Nkurunziza wa Burundi alipokewa Ngara na mwenyeji wake, Rais John Magufuli wa Tanzania. Siku moja kabla, Rais Magufuli alikuwa Biharamulo akizindua barabara ya lami ya Kagoma–Biharamulo–Lusahunga, yenye urefu wa kilomita 154. Kwa Nkurunziza hiyo ilikuwa safari ya kwanza kujulikana nje ya nchi yake tangu Mei 2015, pale baadhi ya makamanda walipojaribu kumpindua akiwa Dar es Salaam kwenye mkutano wa wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Hakuwa mgeni wa kawaida. Muhula wake wa tatu ndio uliowakimbiza Warundi zaidi ya 400,000, na zaidi ya nusu yao wakati huo walikuwa katika kambi za Nyarugusu, Nduta na Mtendeli mkoani Kigoma. Kuna waliosema jirani hachaguliwi na lazima apokewe kwa heshima. Kuna waliouliza mkimbizi atajisikiaje akimwona aliyemkimbia akishangiliwa mwendo wa saa chache kutoka hemani kwake. Pande zote mbili zilikuwa na hoja, ila hakuna iliyoweka hoja zake kwenye karatasi, zikatiwa saini na kupelekwa mahali ambapo lazima zijibiwe.

Uingereza ilifanya hivyo mwaka huohuo wa 2017. Petisheni ya kupinga ziara rasmi ya kitaifa ya Rais Donald Trump wa Marekani ilipata saini zaidi ya milioni 1.8. Haikudai azuiwe kuingia nchini. Ilisema aje kama kiongozi wa serikali, lakini asipewe heshima za kualikwa na Malkia. Petisheni ya pili, iliyotaka akaribishwe, ilivuka saini 300,000. Utaratibu wa huko ni kwamba zikifika 10,000 serikali inajibu, na zikifika 100,000 ombi linafikiriwa kwa mjadala bungeni. Basi Februari 20 wabunge walizijadili zote mbili katika kikao kimoja. Serikali haikuufuta mwaliko, lakini ililazimika kusimama na kuutetea mbele ya watu. Hilo si jambo dogo hata kidogo.

Msomaji wa Ngara asidhani kwamba haya ni mambo ya Wazungu. Ardhi anayoikanyaga imewahi kuwa kiini cha petisheni iliyofika Umoja wa Mataifa.

Sehemu zilizopita zilieleza jinsi Uingereza na Ubelgiji zilivyogawana Afrika Mashariki ya Kijerumani kwa mapatano ya Milner na Orts ya mwaka 1919. Gisaka, iliyokatwa kutoka Rwanda, ilirudishwa upande wa Wabelgiji miaka michache baadaye. Bugufi, eneo lililo Ngara ya leo, haikurudishwa. Ilibaki Tanganyika, ikasimamiwa kutoka boma la Biharamulo, ingawa ikulu ya Burundi iliihesabu kuwa sehemu ya ufalme wake, na Kihangaza kinachosemwa huko kinasikilizana na Kirundi bila mkalimani.

Mwami (mfalme) wa Burundi, Mwambutsa wa Nne, aliyetawala tangu 1915, hakulisahau jambo hilo. Enzi za Shirikisho la Mataifa malalamiko ya wenyeji yalipaswa kupitia mikononi mwa dola ileile inayowatawala, na ni wazi nani angenufaika na mpango huo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1945 ulileta mlango mwingine. Ibara ya 87 ililipa Baraza la Udhamini mamlaka ya kupokea petisheni na kutuma ujumbe wa ukaguzi. Ujumbe wa kwanza ulipofika Ruanda-Urundi na Tanganyika mwaka 1948, Mwambutsa aliwasilisha ombi lake kwamba Bugufi irudishwe.

Hakufanikiwa, na mpaka uko palepale hadi leo. Lakini tazama kilichotokea. Mfalme aliye chini ya ukoloni alitia saini karatasi, na suala la nchi ndogo ya vilima lililomalizwa kimyakimya na mawaziri wa Ulaya likawekwa mezani mbele ya mataifa, likapewa kumbukumbu na likahitaji jibu. Kasoro kubwa ya ombi lile ni kwamba liliandikwa kwa jina la mwenye enzi. Wahangaza wenyewe, wenyeji wa Bugufi waliokuwa wakihamishwa kwenye ramani kama mifugo, ndio waliostahili kuwa wa kwanza kuandika.

Kosa hilo la kuwasahau wenyeji limejirudia mno katika wilaya za Ngara na Biharamulo. Mwishoni mwa Aprili 1994, takriban wakimbizi robo milioni kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, na Benaco wilayani Ngara ikawa mji wa mahema. Baadaye kambi ya Lukole iliwahifadhi Warundi hadi ilipofungwa mwaka 2008. Wanangara walitoa ardhi, maji na kuni. Maamuzi ya nani akae, kwa muda gani, na nani arudishwe yalifanyika kwingine.

Ndivyo ilivyokuwa tena Julai 2017. Rais Magufuli aliwahimiza wakimbizi warudi kwao, akisema Burundi ina amani, na akaagiza utoaji wa uraia kwa Warundi usimamishwe. Hayo yalikuwa maneno mazito. Huenda wakulima wa Kabanga waliyaunga mkono. Huenda wafanyabiashara wa Lusahunga waliyapinga. Wote wana haki ya kusema hivyo kwa maandishi, na Katiba yetu, ibara ya 18, inalinda uhuru wa kutoa maoni. Kenya imekwenda mbali zaidi: ibara ya 37 ya Katiba yake ya 2010 inataja wazi haki ya kuwasilisha petisheni kwa mamlaka za umma.

Madiwani wa Ngara na Biharamulo wanaweza kuanza bila kusubiri sheria mpya. Wapokee nyaraka za pande zote mbili, wazisome katika baraza la wazi na kuzijibu kwa barua yenye tarehe na saini. Anayekusanya saini za kumkataa mgeni naye awe tayari kuzisoma za anayemkaribisha, kama walivyolazimika wabunge wa London.

Sehemu ya tano itawafuata Wameru, waliomtuma Kirilo Japhet hadi New York mwaka 1952 kudai ardhi yao.